Jino Lililouma Chini ya Kitovu

Jamani, mwaka jana nilitoka Muyinga asubuhi nikiwa na miaka ishirini na tisa, nikafika Gitega nikiwa na hamsini na mmoja.

Msinicheke kwanza. Kaeni niwaambie.

Mi naitwa Upendo. Nimekulia Tanzania, kambini Kigoma, tukarudi Burundi nikiwa msichana, nikaolewa na Damiano, fundi baiskeli wa hapa Muyinga. Watoto watatu. Wa mwisho, Yakobo, alizaliwa na kilo nne na ushee, kichwa kama boga.

Yakobo alitoka salama. Shida ni kwamba wiki chache baadaye kizazi nacho kikataka kumfuata.

Nanyanyua bido, dumu la maji, nasikia kitu kinashuka. Nakohoa, kinashuka. Nikicheka, ndio kabisa! Nikienda kuoga nakikuta mlangoni kinachungulia, kama jirani mmbea.

Nikakipa jina: Mpangaji. Maana alitaka kuhama bila kutoa taarifa.

Nilifanya nini? Nilificha. Nilijifunga kitenge mpaka pumzi ikawa ya kuomba. Kwaya yetu kanisani inaruka, si mchezo, mi nikawa naimba nimesimama wima. Wakasema nimepoa kiroho. Kamati ya maombi ikaja nyumbani kunikemea pepo.

"Toka!" wakapiga kelele. "Toka!"

Mi moyoni nasema, wapendwa, msimwambie hivyo, huyu atatoka kweli!

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ya wifi Christina, dada mkubwa wa Damiano, mwalimu. Kwetu mwanamke akizaa, wanawake wanakuja kumhemba, yaani kumtembelea na unga wa uji na fanta. Wifi alikuja, akakalia kiti changu kizuri, akanitazama nilivyolala, akasema mbele ya wote:

"Mi nilizaa saba. Siku ya pili niko mu shamba na jembe. Wamama wa siku hizi muko mayai."

Nani atafungua mdomo baada ya hapo?

Lakini niliogopa, tena sana. Yakobo akilia siwezi kumnyanyua mpaka nikae kwanza. Damiano nimemkwepa miezi minne, maskini anadhani simpendi tena. Na nilisikia eti dawa yake ni operesheni tu, na bila mutuelle, bima ya afya, operesheni ni kuuza kiwanja. Kiwanja chenyewe hatuna.

Sasa wifi ana kadi ya mutuelle. Na mwenye mutuelle hakosi ndugu.

"Wifi, naomba kadi yako. Jino linaniua."

"Jino gani?"

"La chini," nikasema. Hapo angalau sikudanganya sana.

Akanipa. "Irudi leo leo."

Muyinga nzima inamjua mwalimu Christina, nusu ya manesi kawafundisha yeye. Kwa hiyo nikaamua Gitega. Yakobo nikamwachia baba yake na maziwa niliyokamua. Nikajipaka majivu nywele za mbele, nikavaa miwani ya marehemu baba mkwe. Vioo vizito, mbele naona ukungu mtupu.

Kliniki iko Musinzira, mtaa wa Gitega, jina lake naliweka kapuni. Nesi akaita, "Christina!"

"Christina!" akarudia.

Na mimi nageuka huku na huku, namtafuta huyo Christina asiyesikia. Mara ya tatu ndio nikakumbuka. Nikainuka kizee, mkono kiunoni, nikaisalimia nguzo nikidhani ni daktari.

Nesi anaitwa Farida, mwenyeji wa Yoba, hapo hapo Gitega, mchangamfu. Akachukua kadi, akatafuta, akatoa faili.

"Ah, mama Christina, umerudi! Ile mara ya mwezi wa tatu mi nilikuwa konji, likizo, ulihudumiwa na mwenzangu. Panda tuangalie."

Sikuelewa. Lakini mwongo haulizi maswali. Nikapanda kitandani.

Akavaa glovu, akaangalia. Akaangalia tena. Akachukua tochi.

"Mama, iko wapi pesari?"

"Pesari gani?"

"Ile mpira ya duara yenye tulikuwekea ndani, ya kushikilia kizazi. Hapa haiko!"

"Ilianguka," nikasema.

"Wapi?"

"Kwenye... kwaya."

Akamwita mwenzake. Sasa wako wawili na tochi, wanabishana kwa Kirundi kama imepanda juu au imetoka, na mi nimelala pale naiombea ionekane!

Ndipo mtoto wa watu akalia korido. Mnaonyonyesha mnajua. Maziwa yakatoka pande zote mbili, blauzi ikalowa.

Farida akatazama blauzi. Akatazama faili: miaka hamsini na mmoja, watoto saba, hedhi ilishakoma.

"Mama Christina. Vraiment? Kweli?"

"Hata Sara alinyonyesha uzeeni," nikasema.

Akanivua miwani taratibu. "We dada, unaitwa nani?"

Nikaangua kilio, nikasema yote. Farida alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanigombeza, na hapo hakuwa anacheka:

"Kadi ya mtu inaleta dawa ya mtu. Ungepewa dawa ya presha yenye si yako, ungekufa na jina ya mwingine."

Akanipima upya. Operesheni hakuna. Akaniwekea pesari yangu, kwa jina langu, akanionyesha kubana misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, kila siku bila kuacha. Nisibebe mizigo, nirudi baada ya miezi mitatu. Nililipa mwenyewe, na ilikuwa pungufu ya nauli niliyolipa kukimbia kujulikana.

Nikashuka, nikapiga hatua. Mpangaji katulia tuli! Nikaruka kidogo pale pale.

"Polepole!" Farida akapiga kelele.

Niko ndani ya probox, teksi ya kurudi, tunapita Karusi, ndipo akili ikafika. Kadi ni ya wifi. Faili ni la wifi. Mwezi wa tatu alikuwa pale pale kitandani, wifi mwenyewe, naye kawakimbia manesi wa Muyinga!

Jioni nikamkuta kwangu ananisubiri.

"Jino wameitoa?"

Njia nzima nilikuwa nimeapa kunyamaza, siri ya mtu ni ya mtu. Lakini akaketi, na nikaona anavyoketi: ubavu mmoja kwanza, taratibu, anashikilia meza. Ndivyo nilivyokuwa nakaa mimi.

"Hawakulitoa, wifi. Wameliwekea pesari."

Kuku akapita sebuleni, hakuna aliyemfukuza.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Walikuwa wanaitafuta kwangu. Na tochi."

Nilidhani atanizaba kibao. Akacheka. Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha machozi yakaja.

"Miaka kumi na moja, Upendo. Tangu mtoto wa saba. Ile jembe ya siku ya pili ndiyo ilinimaliza, mama mkwe alinisimamia. Niliona haya, nikaigeuza sifa."

Nikamkumbatia. Tukalia, tukacheka, wote wawili tumebana misuli ya chini kwa nguvu zetu zote.

Damiano akaingia, Yakobo mgongoni. "Kuna nini?"

Wifi akafuta macho, akarudisha sauti ya darasani. "Kuanzia kesho utachota maji we. Mke wako habebi bido."

"Mi? Wanaume wenzangu watasema nini?"

"Wakiuliza, walete kwangu. Nitawachorea ubaoni."

Mpaka leo anachota, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Dada zangu, hilo si pepo, si laana, wala si uzembe. Ni ugonjwa wa kuzaa na una tiba, na si kila mara kisu. Kweli, bima sikuwa nayo. Lakini aliyejua njia alikuwa nyumba ya pili kutoka kwangu, na mi nikaenda hadi Gitega na majivu kichwani kutafuta neno ambalo angenipa bure, kama nisingemwambia ni jino.