Mkate wa Bibi Ulidumu Siku Mbili

Mwezi uliopita shangazi alinipigia simu kutoka Rumonge akaniambia ziwa limeingia jikoni. Hakulia. Alisema tu, "Kuja tutoe vitu, mwanangu. Hii maji hairudi tena."

Niliondoka Bujumbura asubuhi. Wewe uliyekulia kandokando ya Tanganyika unaijua ile barabara, unajua jinsi ukishapita Muhuta ziwa linavyokaa mkono wa kulia likikusindikiza hadi mlangoni kwenu. Safari hii lilikuwa limetangulia kufika. Nilivua viatu, nikaingia uani maji yakinifika magotini. Pale palipokuwa na tanuri la Bibi palibaki kilima kidogo cha udongo chini ya maji, kilichomeguka nilipokigusa kwa mguu. Nilisimama pale hata shangazi akaniita mara mbili.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenilea. Mtaani kwetu alijulikana kwa mkate. Alikanda saa sita, mara tu baada ya kuswali adhuhuri, katika beseni la bluu lililobanduka rangi: unga wa ngano, chachu, chumvi, sukari kidogo, maji ya uvuguvugu. Akifunika kwa kitenge kikuukuu, hakuna ruhusa ya kukimbia karibu. Alisema unga unasikia. Tanuri lilikolezwa kwa makuti makavu ya michikichi na makapi yanayobaki mawese yakishakamuliwa. Moshi wake ulikuwa mzito, wenye mafuta, ukishika nguo zangu za shule. Moto ukitulia, alirusha unga kidogo ndani akautazama unavyobadilika rangi. Ndiyo ilikuwa saa yake. Mikate ililala juu ya majani ya mgomba, mlango ukazibwa kwa bati na tope, na ilipotoka aliipaka mawese kidogo mgongoni, ikang'aa kama ngozi ya mtoto aliyeogeshwa.

Alasiri wavuvi walikuwa tayari ukutani, wakingoja mkate wa moto kabla ya kuingia ziwani. Harufu ilifika mpaka walikoanika ndagala, dagaa wa ziwani, na hapo, ukitaka kujua, harufu nyingine kushinda si kazi ndogo.

Lakini mkate huo haukukaa. Siku ya kwanza uliuvunja kwa vidole ukatoa mvuke. Siku ya pili ulihitaji kisu. Siku ya tatu ungeweza kuupigia mlango hodi. Bibi hakuona aibu. "Mkate ni mgeni," alisema. "Siku ya tatu mpe chai." Tukauchovya, ukalainika, tukala.

Nilipokuwa na miaka kumi, ilifunguliwa bulanjeri, duka la kuoka mikate, karibu na soko. Mikate yake ilitoka imekatwa vipande, imefungwa katika plastiki, myeupe kama pamba. Msichana niliyekaa naye benchi moja darasani alianza kuja nayo. Siku moja nilitoa kipande changu cha siku ya tatu, akakigonga juu ya meza, darasa zima likacheka. Nilikirudisha mfukoni. Nilishinda na njaa hadi jioni.

Jioni ile ile mvuvi jirani yetu, mteja wa Bibi tangu sijazaliwa, alikuja kuzungumza naye. Siku hizi samaki wamekwenda mbali, alisema. Wavuvi wanashuka mpaka Nyanza-Lac wakakaa huko siku tano, sita. Aliongea akiangalia chini.

"Usikasirike, Mama. Ile ya plastiki inavumilia."

"Mimi sikasiriki," Bibi alisema. "Muende salama."

Alipoondoka, mimi ndimi niliyesema lile neno, hasira za darasani zikiwa bado kifuani. "Ni kweli, Bibi. Mukate yako inakauka. Ya duka iko laini wiki nzima."

Kesho yake alinituma nikanunue mmoja. Aliuweka kabatini, nyuma ya wavu, na kando yake akaweka wa kwake uliotoka tanurini mchana ule. "Wewe utaangalia," aliniambia. "Kila siku ukitoka shule, uniambie."

Niliifanya kazi ile kwa furaha, Mungu anisamehe. Kila alasiri nilifungua kabati nikaibonyeza yote miwili kwa kidole. Siku ya tatu wa Bibi ulikuwa gogo. Siku ya tano, kwa unyevu wetu huu wa ziwani, uliota ukungu wa kijani upande wa chini. Wa duka ulikuwa vile vile. Siku ya saba niliubonyeza, ukazama, ukainuka polepole.

"Ya duka imeshinda, Bibi."

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani. "Na harufu?" aliuliza.

Nikaunusa. Haukuwa na harufu ya mkate hata kidogo, ulinuka plastiki. Nilimkumbuka yule msichana akigonga kipande changu mezani.

"Ni sawasawa," nikasema.

Akaitika kwa kichwa. Wiki ile aliwaokea wateja wachache waliobaki, kisha akaacha. Hapakuwa na ugomvi wala tangazo. Kuku wakaanza kutagia ndani ya tanuri. Asubuhi tulikula mkate wa plastiki, na Bibi aliuchovya katika chai ingawa haukuhitaji kulainishwa.

Nilikuwa mwanamke mwenye watoto nilipomweleza. Alikuwa amelala, mwepesi kama kanga iliyokunjwa, na mimi nikimpaka mafuta miguuni. Nilimwambia kwamba siku ile nilimdanganya.

"Nilijua," alisema. "Nilinusa kabla yako."

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

Alifumba macho hadi nikadhani amesinzia. "Sababu ni wewe utabaki. Nilitaka kujua kama iko mutu atautaka."

Nilimwambia ninautaka. Alinipapasa mkono kama mtu anavyomtuliza mtoto wa jirani, akaniomba maji. Hakumaliza mwezi ule. Msibani watu walileta mikate mingi, yote katika plastiki, na iliyobaki tuliila mpaka siku ya saba ikiwa bado laini.

Tulitoa vitu siku ile, mimi na shangazi: vitanda, masufuria, mlango wa kabati. Watu wa mtaa wametawanyika, wengine wamepanda milimani Gatete, wengine sijui. Shangazi yuko kwangu sasa. Juzi tulinunua unga wa ngano na chachu, tukasimama jikoni tukitazamana. Yeye zamani zile alikuwa amekwisha kuolewa mbali na nyumbani, vipimo havikumbuki. Nilimwaga maji, nikaweka sukari, kisha nikafika kwenye chumvi. Bibi aliichota kwa vidole vyake vitatu, na nilikaa naye jikoni mle utoto wangu wote, lakini sikuwahi kumwambia afungue mkono nione ni kiasi gani.