Gololi Chini ya Pazia

Baba yangu ni fundi cherehani mtaani Ngarenaro, na kwa miaka sita niliyosoma fizikia ng'ambo hakuwahi kuniuliza hata swali moja kuhusu kazi yangu. Aliuliza habari za baridi, chakula, na kama nimepata mchumba. Nilijifanya jambo hilo halinisumbui. Lilinisumbua sana, na likizo ya mwaka jana niliapa sitapanda ndege kabla hajaelewa walau kidogo.

Nikamfuata dukani asubuhi.

"Shikamoo baba. Mimi napima ukubwa wa viini vya atomu, vile vyenye nyutroni nyingi kupita kiasi. Havidumu hata sekunde moja, na havionekani."

"Marahaba, mama. Kitu hakionekani, halafu unakipima." Akacheka, akarudi kwenye pindo la suruali ya mteja.

Hasira zangu ziko karibu, nimezirithi kwake. Nilikwenda kwa fundi baiskeli jirani, nikaazima kiganja kizima cha gololi za beringi. Nikaingia nyuma ya pazia wanapojaribia nguo wateja, nikapanga vitu fulani sakafuni, nikatoka.

"Usichungulie. Viringisha moja moja chini ya pazia, usikilize, uniambie kilichojificha kikoje."

Alikubali kwa kunionea huruma tu. Ya kwanza iligonga ukuta wa nyuma: ta. Akasogea kidogo. Ta. Ya tatu haikutoa sauti kabisa. Hapo akachukua chaki yake ya kukatia, akaweka alama sakafuni. Ya nne ikalia ngo! Muda si mrefu alikuwa amepiga magoti, miwani puani, futi mkononi, na mama mmoja aliyefuata sare za mwanawe akanyamazishwa kwa kidole.

"Katikati kuna kitu kigumu, inchi tano," alisema hatimaye. "Kimezungukwa na kitu laini, kimelegea. Vyote pamoja inchi kumi na mbili."

Nikafungua pazia. Chupa yake mwenyewe ya chai, na vipande vya kitambaa nilivyovitawanya kuizunguka. Nilipiga vigelegele peke yangu. Nikamweleza kwamba maabara tunafanya karibu hivyo hivyo, ila tunavirusha viini vyenyewe kwenye kipande chembamba cha kaboni, tunahesabu vilivyopita salama. Vingine tunavikuta vinene ajabu, kwa sababu nyutroni mbili za mwisho zinazurura mbali na nyingine.

Alikaa pale chini akigeuzageuza gololi, nikadhani nimempoteza tena.

"Sasa hizo za pembeni," akasema, "kama zimelegea hivyo, kitu gani kinazizuia zisidondoke?"

Hilo ndilo swali lililonipeleka ng'ambo, na kwa miaka sita sijalimaliza.

"Sijui vizuri, baba. Ndilo ninalolitafuta."

Akamwomba yule mama arudi saa nane, akanisogezea stuli.