Mtakatifu Aliyekimbizwa na Zeferino

Zeferino wa kijijini kwetu Vilar do Freixal alicheza kiungo katika nchi kumi na moja. Mimi ni shangazi yake, Custódia, mfua jezi wa klabu. Ramani siijui, lakini nchi zote hizo nimezinusa kwenye soksi zake. Za Romania zilinuka kitunguu saumu. Za Kupro, mbuzi. Za Uajemi zilinukia waridi hata nikazitundika sebuleni wiki nzima. Na kazi yake uwanjani ilikuwa moja: akitaka mchezo ukimbie, unakimbia, akitaka ulale, hata mwamuzi anapiga miayo.

Miguu ilipochoka akawa kocha, akahamahama tena, mpaka mwaka jana alipokuja kufundisha klabu yetu. Mkewe Deolinda akapanda mizabibu na kutangaza: "Mimi sihami tena. Akitaka kuhama, ahame na mbwa."

Sasa sikilizeni balaa. Mechi ya mwisho, tusiposhinda tunashuka daraja. Tukishuka, Zeferino hana kazi hapa, na Wakazaki walikuwa wanampigia simu kila asubuhi akafundishe kwao. Wakubwa wa ligi wakaipanga saa kumi, Jumapili ya Mtakatifu Eufémia, saa ileile sanamu yake inapotolewa kanisani kuzungushwa kijiji! Wachezaji wetu tisa ndio wabebaji wa machela yake. Na bega la machela hurithiwa, baba humwachia mwana kama shamba.

"Vijana, mwaka huu tu wabebe wengine," Zeferino aliwasihi.

"Kocha, babu yangu alibeba na mguu umevunjika," beki Hermínio akajibu. "Nikimpa mtu bega langu, mama atanizika nikiwa hai."

Padri Abílio naye hakusogeza saa. "Mtakatifu hachezi ligi," alisema, akafunga mlango.

Zeferino akaja kukaa jikoni kwangu, supu ya kabichi ikampoa mbele yake. Mara akacheka peke yake, akatoka mbio kwa mzee Eurico, mkuu wa bendi ya matarumbeta. Nami nikamfuata, ningekosaje?

"Mzee Eurico, wabebaji wanafuata mwendo wa nani?"

"Wa ngoma yangu."

"Na padri?"

"Hata padri."

"Basi nipigie wimbo wa kijeshi."

"Jeshi gani?"

"Linalokimbia."

Jumapili saa kumi, saba wetu wakaanza mechi. Sheria inaruhusu, wengine huingia wakifika. Huku kanisani ngoma ikalia, nawaapia, njiwa wakaruka kinyumenyume! Machela ikaondoka kama mkokoteni mteremkoni. Mimi na mshumaa wangu tulimpita punda. Padri kashika kofia: "Polepole, wapagani nyie!" Nani amsikie? Njia ya saa moja na nusu ikaisha kwa dakika ishirini na mbili, na mtakatifu mwenyewe, kwa macho yangu haya, mashavu yalikuwa mekundu.

Uwanjani tulishafungwa mbili. Wabebaji wakavua majoho, jezi zikiwa chini yake, damu imeshachemka. Wanne wakaingia. Wageni, waliokuwa wanacheza kama watu wanaopunga upepo, wakadhani wamevamiwa na nyuki. Kufika mapumziko, mbili kwa mbili. Dakika ya themanini na nane, kona! Hermínio akapaa juu ya paa la kanisa, sipunguzi hata kidogo, akautia mpira wavuni kwa bega.

Mwenyekiti wa klabu akamwahidi Zeferino mkataba wa miaka mitatu palepale. Deolinda akambusu, akambusu na mwamuzi. Ndipo Padri Abílio akatinga katikati ya uwanja.

"Kesho mtakatifu anatoka tena. Kwa mwendo wangu. Na wewe, Zeferino, utabeba msalaba mbele."

Kesho yake tulitumia saa tatu. Jasho lilimtiririka Zeferino, lakini kila mlango alisimama kusalimia, akauliza habari za kuku, akaonja divai.

"Mwanangu, msalaba mzito huo. Huna haraka?" nikamuuliza.

"Ya kwenda wapi, shangazi?"