Siri Niliyopewa na Wifi

Nilipoolewa Chumbageni, wifi yangu alikuwa na miaka ishirini na mbili, na ndiye aliyenipamba. Alifanya kazi kwenye saluni moja ya Nguvumali, akiwapaka maharusi hina na piko. Alikuwa mtoto wa mwisho wa mama mkwe wangu, na nyumba nzima ilimsubiri arudi jioni ndipo maneno yaanze. Kazi yake kubwa ilikuwa kuiga watu: mteja asiyeridhika, shangazi anayekagua kila ua mkononi, bibi harusi anayelia kwa jicho moja ili wanja usiharibike. Mama mkwe alikuwa akimkemea huku kicheko kimembana.

Mwaka wa pili wa ndoa yangu miguu ikaanza kumvimba. Tukadhani ni kusimama kutwa. Ukafuata uso. Hospitali walipompima wakasema figo zote mbili zimechoka. Mume wangu alijitolea ampe moja ya zake, lakini alipopimwa akakutwa na shinikizo la damu ambalo mwenyewe hakuwa na habari nalo. Kwa hiyo ikawa kusafishwa damu kwa mashine, Jumanne na Ijumaa, saa nne nzima kila mara, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza.

Ile mashine aliiita mume. Siku za zamu alivaa vizuri, akajipaka wanja, akamuaga mama yake: "Naenda kwa bwana. Leo haniachii mpaka saa saba." Alikatazwa machungwa, madafu na ndizi, na maji akawa anapimiwa kwa kikombe. Msimu wa machungwa alitaka nile mbele yake nimweleze kama ni matamu. Mara ya kwanza nilikataa. Akasema kunisikia nikimenya jikoni kwa kujificha kunamuumiza zaidi, basi nikala.

Sisemi kwamba hakulia. Nilimsikia mara mbili, zote bafuni, maji yakimwagika kwenye ndoo.

Alikuwa na mchumba, fundi umeme wa mtaa wa Mabawa. Posa ilishapokewa kabla ya ugonjwa, na yule kijana hakurudi nyuma. Kila Jumapili alikuja akakaa naye barazani. Ugonjwa ulipotimiza mwaka, Ijumaa moja tulipotoka hospitali, wifi akaniambia tusirudi nyumbani kwanza. Tukachukua bajaji mpaka Mabawa, kwa mama wa mchumba wake.

Akamwamkia, akaketi mkekani, akaomba radhi kwamba chai hataweza kunywa. Kisha akasema:

"Mama, nimekuja kumfungua mwanao. Ile posa iishe. Nimemwambia mwenyewe mara tatu, hataki kusikia. Mwambie wewe, wewe atakusikiliza."

Yule mama akamjibu kwamba wao hawajalalamika, ugonjwa hutoka kwa Mungu.

"Najua, mama, ndiyo maana nimekuja. Mngekuwa watu wabaya ningewaacha mhangaike."

Yule mama akacheka, kisha akajifunika uso kwa upindo wa kanga.

Njiani wifi akanitaka nisimwambie mtu. Mama yake, alisema, angemzuia, na akishindwa kumzuia angemwonea huruma, na huruma ya mama yake asingeiweza. Nikaahidi.

Posa ilipovunjwa, mama mkwe akajua jambo moja tu: watu wa Mabawa wamemkimbia mwanawe kwa ajili ya ugonjwa. Wakikutana sokoni, hakuitikia salamu ya yule mama. Mimi nikanyamaza. Kijana alipooa, msafara wa harusi ulipita barabara ya kwetu na matarumbeta yake, na mama mkwe akainuka kufunga dirisha. Wifi akamwomba aliache wazi. Alikuwa amelala, akawa anafuata ngoma kwa kiganja juu ya godoro.

Baada ya harusi hiyo aliishi mwaka mmoja zaidi. Mwisho wenyewe haukuwa na maneno mengi: homa, siku nne wodini, asubuhi ya Jumatano. Tulimzika siku hiyohiyo baada ya alasiri.

Siku ya pili ya matanga yule mama wa Mabawa akaja, pamoja na mke wa mwanawe. Wakaketi ukingoni mwa mkeka. Mama mkwe akageukia ukutani, na wanawake wote wakaona. Nikamwomba tuingie chumbani mara moja. Nikamweleza yote, kuanzia pale tulipopanda bajaji.

Nilidhani atanikasirikia, na alinikasirikia. Aliniuliza nimewezaje kukaa naye jiko moja karibu miaka miwili, nikimtazama anamkosea adabu mtu asiye na kosa. Kisha akauliza:

"Alipokuwa akisema hayo, alilia?"

"Hapana, mama. Alimchekesha yule mama."

Akaufunga ushungi wake upya. Halafu akatoka, akaenda kuketi karibu na yule mama, bega kwa bega. Mke wa kijana alikuwa ameshaungana na waosha vyombo uani. Hakumjua mtu pale, na alikuwa akiuliza sahani safi ziwekwe wapi. Nikaenda kumwonyesha.