Injini Iliyokataa Kilima

Injini ya gari la papa, baba yangu, ilipokufa, nyumbani kila mtu alisema tuliuze kama chuma chakavu. Papa alikataa. Alilinunua enzi zake za kuuza vitenge, akaliendesha zaidi ya miaka ishirini, na macho yake yalipoanza kuingia ukungu alinikabidhi funguo bila maneno mengi. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja hapa Lubumbashi. Gari lile lilinipeleka kazini na sokoni, na kila mwezi lilitupeleka Kambove, mimi na papa, kumwona kaka yake mkubwa, ambaye papa hamwiti kwa jina ila yaya.

Tukapata injini iliyotumika, iliyoingia kutoka Zambia kwa njia ya Mokambo. Fundi aliyeifunga ni mtu wa makamo, mnene, mpole, na alilijua gari letu tangu papa alipokuwa anaona vizuri. Siku ya tano aliniita karakana, akainama chini ya boneti, akavuta kitu kwa vidole, na injini ikanguruma mpaka mabati ya kibanda yakatetemeka.

"Umesikia?" akasema. "Hii moteri iko nguvu kushinda ya kwanza."

Nilisikia, nikaondoka nimeridhika. Mjini barabara ni tambarare na foleni haimpi mtu nafasi ya kukimbia, kwa hiyo kwa wiki nzima sikuona kasoro.

Kisha simu ikatoka Kambove. Yaya alikuwa ameanguka bafuni, amelala kitandani hawezi kuinuka, na alikuwa akimuulizia mdogo wake. Jumamosi tukaondoka mapema. Papa alivaa koti lake la kanisani.

Tulipofika kwenye vilima kabla ya Likasi, gari likaanza kulegea. Nilikanyaga pedeli mpaka ikagota sakafuni, nikashuka gia ya tatu, ya pili, na bado mwendo ulizidi kupungua. Nyuma yangu lori la shaba lilipiga honi bila kukoma. Mbele, mwanamume mmoja alikuwa akisukuma baiskeli yenye magunia matatu ya makaa, na kwa muda fulani sikuweza kumpita. Mvua ilianza kunyesha. Lori likatupita karibu sana, likatumwagia tope kioo chote, na nyuma yake lilikuwepo jingine.

Niligeuza gari penye nafasi ya kwanza niliyoiona.

"Tunarudi?" papa akauliza.

"Tunarudi, papa."

Kwenda kwa basi halikuwa jambo la kuzungumza. Mwaka uliotangulia papa alianguka akishuka basi, akavunjika mkono, na toka hapo hakupanda tena.

Jumatatu nilikuwa kwa fundi kabla hajafungua. Alifungua boneti, akavuta tena kwa vidole, injini ikanguruma vilevile. Akaniangalia kwa huruma.

"Mama, hii moteri haina na ugonjwa. Ni weye unaogopa kukanyaga. Banamuke munaendeshaka polepole."

Najua nilipaswa kumjibu hilo la wanawake. Lakini nilirudi nyumbani nikiutazama mguu wangu wa kulia. Huenda kweli niliogopa. Huenda pale kilimani, honi zikilia nyuma yangu, mguu ulirudi juu bila mimi kujua. Nikaanza kutoka kila asubuhi kabla ya masomo, kwenye barabara ya Likasi, nikikanyaga kwa nguvu mpaka paja linauma. Gari likaenda kama mtu anayetembea usingizini. Nilibadilisha chujio la hewa. Fundi, kwa kunituliza, alibadilisha plagi, akapima pampu ya mafuta, akasafisha tangi. Kila mara alipomaliza alivuta kwa vidole, na kila mara injini ilinguruma kama simba. Nami nikaingia barabarani nikarudi na gari lilelile.

Wiki tatu zilipita hivyo. Darasani nilisahau katikati ya sentensi nilikuwa nasema nini. Nilisahihisha mitihani nimesimama, kwa sababu sikuweza kutulia kitini. Kutoka Kambove binamu yangu alipiga simu kila siku ya pili. Yaya bado yupo, alisema, lakini hali chakula. Mume wangu akaniambia nikodi gari la mtu. Nikamwambia nitakodi, na sikukodi. Nilitaka kujua kwanza kama mgonjwa ni gari au mimi. Leo ninaona haya kuandika hivyo, maana kulikuwa na mzee anasubiri.

Aliyeniokoa ni papa, na wala hakukusudia. Nilimpeleka hospitali kupimwa macho. Kwenye mzunguko wa magari, nilipokuwa nikiondoka, akageuza kichwa.

"Unakanyaga, kisha moteri inachelewa kukusikia," akasema. "Mbele, na ile moteri ya kwanza, haikukuwaka vile."

"Umejuaje nimekanyaga?"

"Nasikia kiatu chako."

Nilijaribu tena, polepole. Kweli. Pedeli ilishuka karibu nusu ya safari yake kabla sauti haijabadilika. Nilikuwa nimezoea, nikidhani ni uzee wa gari.

Tulipofika nyumbani, kwa haraka yangu nilishuka bila kuzima injini. Ilibidi nirudi kuizima. Nikafungua boneti. Wanafunzi wangu huwa nawaambia kwamba injini hula vitu viwili, mafuta na hewa, na kwamba pedeli, ingawa tunaiita ya mafuta, kazi yake ni kufungua mlango wa hewa. Mlango wenyewe ni kisahani cha chuma kinachovutwa na waya kutoka kwenye pedeli. Nimelisema hilo miaka kumi na saba, na sikuwahi kwenda kukiangalia. Nikafungua bomba la hewa, kisahani kikaonekana. Nikahitaji mtu wa kukanyaga.

"Papa, njoo ukae kwenye usukani."

Alikuja akipapasa mlango. Ilikuwa miaka mitatu hajakaa upande ule. Akavuta kiti mbele, akaweka mikono yote miwili mahali pake.

"Kanyaga, papa."

"Niko nakanyaga."

Kisahani kilifunguka nusu, kikasimama.

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini kabisa. Mguu hauna tena fasi ya kuenda."

Nikakisukuma kwa kidole changu. Kikaendelea kufunguka mpaka mwisho, bila kizuizi chochote. Waya ulikuwa wa injini ya zamani, umelegea, mrefu kuliko ilivyohitaji hii mpya. Nilisimama nimeshika kisahani kile, machozi yananitoka, na papa ndani anauliza kama aendelee kukanyaga.

Nikamwambia aendelee. Hakukuwa na haja, ila sikutaka ashuke.

Fundi alikuja mwenyewe jioni ile. Nilimwonyesha. Alitazama muda mrefu, akapangusa mikono ambayo haikuwa imechafuka.

"Mi nilikuwa napimaka na mukono," akasema taratibu. "Nilivuta hapa juu. Sikuwaza mambo ya pedeli." Kisha akamgeukia papa, si mimi. "Mutoto wako anajua kukanyaga."

"Anajua," papa akajibu.

Fundi alikaza waya kwa spana mbili, dakika kumi hazikuisha. Asubuhi tukapanda vilima vya Likasi kwa gia ya tatu, na nikayapita malori.

Yaya alikuwa amebaki mifupa. Alimshika papa uso kwa viganja, akamwambia amechelewa.

"Gari ilikuwa mugonjwa," papa akasema.

Wakaanza kuongea Kiluba cha Kasai, haraka, kama vijana, nami nikatoka nje. Baadaye papa alisema nimwache. Alikaa kule wiki tano, mpaka tulipomzika yaya.

Siku ile nilipomwacha papa nilirudi peke yangu. Gari lilikwenda vizuri, na bado sikutulia. Masikio yote yalikuwa kwenye injini. Nilisimama mara mbili kando ya barabara kufungua boneti, na mara zote mbili hapakuwa na kitu.