Nilikwenda Kumsukuma, Nikasukumwa Mimi

Nikikumbuka Saudia, mwanangu, siku inayonijia kwanza ni ile niliyokalishwa kwenye kiti cha magurudumu pale Makka, nikasukumwa na mwanamume nisiyemjua, huku bibi wa miaka sabini na kitu akitembea kando yangu kwa miguu yake mwenyewe. Mimi nilikuwa na thelathini na nane. Na kiti chenyewe kilikodiwa kwa ajili ya bibi. Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka.

Nilikuwa nafanya kazi Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, katika jumba la ghorofa tatu lenye lifti. Bibi huyo alikuwa mama mzazi wa bosi, na wafanyakazi wote tulimwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa. Nilikwenda kule na nia moja: nifanye kazi mpaka mamangu wa Kwale awe mtu wa kushikwa mkono, kisha nirudi nimtunze mwenyewe. Mimi ndiye binti yake wa pekee. Sikutaka aje kugeuzwa kitandani na mtu wa kuajiriwa.

Sasa sikia nilivyoharibu. Kila Ijumaa familia ya bosi ilikusanyika, likaletwa sinia la kabsa, wali umejaa na mwanakondoo juu yake. Walikula kidogo tu, wakainuka. "Aisha, halas, basi, mwaga," Madam, mke wa bosi, alikuwa akisema. Nimwage? Mimi niliyelala na njaa utotoni, nimwage nyama? Nilisimama pale kwenye sinki nikala, tena nikiona ninafanya jambo jema. Jumamosi nikaokoa mikate, Jumapili nikaokoa kunafa, ile tamutamu yao ya jibini na shira. Na chakula changu mwenyewe sikukiacha. Kwenda juu nilipanda lifti. Magoti yalipoanza kuniuma, nikasingizia baridi ya viyoyozi.

Nilipotuma picha nyumbani, mashangazi walishangilia. "Mashallah! Saudia imekukubali, sasa umekuwa mtu!" Basi nikavimba kichwa juu ya kuvimba mwili. Nilikuwa nikijipiga picha kwa ubavu ili waone vizuri.

Mwaka wa tatu Mama Kabira akataka kwenda umra, ile hija ndogo, akasema atakwenda na mimi. Watoto wake walihofia miguu yake, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kumsukuma. Tukapanda ndege hadi Jeddah, tukapumzika kidogo kwa binti yake wa mtaa wa Aziziya, kisha tukaingia Makka. Kiti kilipoletwa, bibi akakikataa. "Nitatembea mpaka Mungu anikataze," akasema. Tukatufu, tukaizunguka Kaaba polepole, mimi nikisukuma kiti kitupu na jasho likinitiririka. Tukaanza kusai, zile safari saba baina ya Swafa na Marwa. Safari ya pili magoti yakagoma. Nikashika ukuta, pumzi hakuna, macho yanaona giza. Mama Kabira akamwita mmoja wa wasukumaji wa kukodi, akanielekeza kwenye kiti. Nikakataa. "Kaa, binti yangu," akasema. Nikakaa, nikalia kwa aibu safari zote zilizobaki.

Tulipomaliza alikaa karibu nami, akanipangusa uso kwa ncha ya mtandio wake. Nilingoja anikaripie, lakini alizungumza kwa sauti ya chini.

"Aisha, miaka mitatu nakuona ukila masinia yetu umesimama. Nilidhani una njaa, nikaona haya kukuuliza. Kumbe umelifanya tumbo lako pipa la taka la nyumba yangu."

"Mama, kumwaga chakula ni dhambi."

"Dhambi ni yetu sisi tunaopika cha kumwaga. Wewe mamako anakungoja. Ukimrudia hivi, nani atamwinua mwenzake?"

Maneno yale yaliniingia moyoni, mwanangu, na hayajatoka.

Tuliporudi Riyadh, wali ambao haujaguswa nikaufunga kwenye vibakuli, dereva akawapelekea wafagiaji wa barabara. Ulioguswa nikajifunza kuumwaga. Lifti nikaiacha. Kila Alasiri, jua likipungua, mimi na Mama Kabira tulilizunguka jumba ndani ya ukuta, yeye na fimbo yake. "Yalla, twende, Aisha!" Mwanzoni ni mara mbili tu, na nilimchukia kabisa. Miezi ya kwanza sikupungua chochote, hasira ndizo zilizozidi. Ramadhani nikarudi kwenye kunafa. Alipojua, kesho yake nikamkuta mlangoni na fimbo, ananisubiri. Mwaka ulipoisha nilikuwa napanda ghorofa zote tatu na kapu la nguo huku naimba. Sikuwa mwembamba, na sijawa mpaka leo, ila mwili ulinitii tena.

Miaka kadhaa baadaye mamangu alianguka, akavunjika nyonga. Nikafunga mizigo nikarudi Kwale. Kwa miaka minne nilimwinua kitandani mwenyewe, nikamwogesha, nikamtoa uani aote jua. Alikuwa akinishika shingoni, ananuka sabuni, ananiambia, "Usiniangushe." Sikumwangusha hata siku moja. Alifariki asubuhi, mikononi mwangu. Sasa nina miaka sitini na tatu, nalima kishamba changu, na katika jambo lile sina majuto.

Basi wewe uliye Al-Malqa, Aziziya au Shumaisi, unayesoma haya kwenye simu, nisikilize. Chakula kilichobakizwa na wengine si jukumu la tumbo lako. Kula chako, ukile umekaa, ukishiba uinuke. Wanaoisifu picha yako hawatakubeba. Wala usinunue vidonge vya kukondesha mnavyouziana huko, wala usijinyime mpaka ukaanguka jikoni kwa watu. Tembea, hata kama ni kuuzunguka ukuta tu, na uanze magoti yakiwa bado yanakusikia. Nawe dereva unayemngoja madam garini saa nzima, shuka unyooshe miguu. Mshahara utautuma na nyumba utajenga, lakini mwili wa pili hakuna wa kukutumia.

Mungu akulinde huko ugenini, mwanangu. Akupe pumzi, akurudishe kwenu ukitembea, na yule anayekungoja umkute bado anakungoja.