Siku Niliyorudisha Sahani ya Posa

Nimechoka kuusimulia mkasa huu, jamani, lakini kila nikipita sokoni hapa Tunduma kuna mtu ananiita "Mwalimu Take" na wenzake wanacheka hata hawajui wanacheka nini, kwa hiyo bora mwenye aibu yake niwaambie mwenyewe, tumalize.

Enzi hizo simu za mkononi bado za wenye nazo, nilikuwa nafundisha tuisheni ya Kiingereza kwenye chumba nyuma ya mashine ya kusaga, na wanafunzi wangu walikuwa vijana wanaobadilisha kwacha na akina mama wauza vitenge, watu wanaotaka kuongea na Wazambia leo, si mwakani. Sarufi sikuwapa, niliwapa vitendo: neno likitamkwa, mwili unalifanya. Neno langu la fahari lilikuwa "take", ambalo likiwa peke yake ni kuchukua tu, lakini ukilifunga mkia linakwenda kokote. "Take off", ndege inapaa (nilikuwa naruka kweli). "Take off" hiyohiyo, viatu vinavuliwa (nilivua). "Take after", mtoto kafanana na babaye. Watu walilipenda somo hilo, na mimi nikavimba kichwa.

Basi mdogo wangu Suzana akapata mchumba ng'ambo ya geti la mpaka, Nakonde, upande wa Zambia, kijana wa Kinamwanga kama sisi, na alimpenda mpaka chakula kikawa hakimpiti kooni. Siku ya posa wazee wao wakaja na kijana mwenyewe, wakaketi mkekani, wakaweka mbele ya baba mdogo (baba yetu alishafariki) sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, ndani mna kishika uchumba. Kwetu msichana akiitwa akaifunua, tumekubali. Ikirudishwa vilevile ilivyofunikwa, tumekataa, na hakuna anayeuliza kwa nini. Suzana alikuwa chumbani, kajipamba, anasubiri kuitwa.

Kabla hajaitwa, baba wa kijana, mzee mcheshi, akasema amesikia nyumba hii ina mwalimu, hebu awaonjeshe kidogo. Ningecheka tu nikanyamaza, yangeishia hapo. Nikasimama.

Nikaanza na "take off", nikapaa, wakacheka. Nikavua viatu, wakacheka zaidi. Nikamwonyesha kijana na baba yake, "take after", mzee akapiga makofi. Mama akakohoa, na mimi ninavyomjua mama yangu nilipaswa kukielewa kile kikohozi, ila nilishanogewa, nikasema sasa tunakwenda kwenye "take back", kurudisha kitu kwa mwenyewe, na darasani hapo huwa nashika dasta nampa mwanafunzi, sasa dasta sina, macho yanatafuta cha kushika, mikono ikaona sahani. Nikainyanyua kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, nikaiweka mbele ya mzee. Nikabaki nimesimama pale natabasamu, nasubiri makofi.

Hakuna aliyecheka. Mama alijishika kichwa. Baba mdogo akaanza kueleza kwamba mimi nilikuwa nafundisha tu, sikukusudia, mzee akamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima.

"Hatujakasirika, ndugu zangu," akasema taratibu. "Lakini sahani imerudi, na mimi si muuza karanga wa kuisukuma mbele ya watu mara ya pili."

Wakaondoka nayo. Nilitamani ardhi inimeze, na viatu bado sijavaa.

Baba mdogo alivuka geti kwenda kuomba radhi masika nzima, magoti yake mabovu, tope mpaka kwenye vifundo, na kila akirudi hanisemeshi. Mahindi yalipovunwa ndipo wakakubali kuja tena, kwa sharti moja: mimi nisionekane hapo nyumbani. Vigelegele nilivisikilizia kwa mwenye mashine.

Kufundisha bado nafundisha, maana ndiko ninakokula, ila "take" nawaachia wasome wenyewe, na nikialikwa kwenye posa naikalia mikono yangu. Watu wanadhani naogopa kuchekwa. Kuchekwa nimezoea. Ni kwamba baada ya harusi nilimwendea Suzana kumwomba msamaha, akaniambia ameshanisamehe.

"Unajua kaka," akasema, "kule ndani nilikuwa nasikia mnavyocheka. Nikasema moyoni, wamenikubali. Nilikuwa nimeshasimama nitoke."